Utepe Mwekundu Mkiani

Mzee Traian Boboc alikufa kwa baridi juu ya paa la nyumba yake, akiisubiri helikopta ya jeshi iliyochelewa kwa saa tatu. Maji ya mto Siret yalikuwa yamefika madirishani.

Inspekta Casian Buzdugan wa polisi wa jeshi alitoka kwenye maiti akaenda moja kwa moja kambini. Bolti moja ya rafadha ya mkia wa helikopta ya hapo ilikuwa imeibwa, ikabidi helikopta nyingine iagizwe kutoka mbali. Penye tundu la bolti palining'inia utepe mwekundu.

"Huu wa nini?"

"Desturi yetu mafundi, afande," alijibu fundi mkuu, Neculai Harabagiu, mzee wa masharubu. "Ukifungua kitu unafunga utepe. Asije mtu akairusha."

"Basi mwizi wetu hakutaka ianguke. Alitaka isiruke tu. Rubani alikuwa nani?"

Mzee alikohoa. "Luteni Smaranda."

"Smaranda nani?"

"Harabagiu."

Casian alimhurumia, na huruma ile ikamuudhi.

"Fundi hatupi bolti nzima. Fungua kopo lako la chakula, mzee wangu."

Chini ya mkate na jibini bolti ilikuwepo, imepakwa grisi na kuviringishwa kitambaa safi. Hata wizi aliufanya kifundi.

"Gia ilikuwa inalia," Neculai alisema haraka. "Niliisikia jana."

"Wenzako wameifungua leo. Nzima kabisa. Usinichezee!"

Mzee aliketi kwenye ngazi ya kazi.

"Haikulia. Ukungu ulishuka mpaka kwenye miti, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa rubani mkuu. Nilijua wataleta nyingine. Nilidhani itachukua saa moja tu."

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na Boboc je, hakuwa na wana?"

Mzee alikikunja kile kitambaa safi.

"Umezisaini helikopta ziruke kwa miaka mingapi?" Casian aliuliza.

"Thelathini na mmoja."

"Zikaruka kwenye ukungu kama huu?"

"Mbaya kuliko huu."

"Na hukuiba bolti hata siku moja?"

Neculai aliinua uso. Machozi yalikuwa yamelowesha masharubu.

"Marubani walikuwa watoto wa wenzangu, afande. Nilisaini, nikaenda nyumbani nikalala."