Utando Uliokaushwa Juani

Lomayani wa Oldonyo Sambu ni fundi wa kukausha ngozi. Ngozi ikibaki mbichi, inaoza. Hilo huwezi kubishana naye. Basi siku moja aliona kipande cha plastiki laini kimelowekwa ndani ya ndoo.

"Kitu kizuri hivi kinaachwa kioze!" alisema. Akakitoa, akakitandaza juani, akakibana kwa mawe pembeni.

Loo! Kumbe kile kilikuwa utando wa akiba wa betri ya nyumbani kwao. Betri hiyo ni matangi mawili ya maji yenye dawa, na katikati yake utando mmoja. Mchana inachajiwa na jua. Usiku na mchana inaendesha friji ya maziwa. Aliyewapa ni Anneth, mtafiti wa chuo kimoja cha Arusha. Anatengeneza tando hizo na kuzijaribu vijijini.

Wiki hiyohiyo, adhuhuri, friji ilinyamaza. Utando wa zamani ulikuwa umechanika. Nashipae, mke wa Lomayani, alishika kichwa.

"Maziwa ya jioni yatalala wapi? Kituo cha kukusanya maziwa kimeshanionya. Yakichacha tena, hawapokei kwangu!"

Akampigia Anneth simu. Anneth akaja na bodaboda.

"Shikamoo, mama Lesian. Shikamoo, baba. Ule utando wa akiba uko wapi?"

Lomayani akauleta kwa fahari. Ulikuwa umejikunja, mgumu kama chapati ya juzi.

"Nimekukaushia vizuri, mwanangu."

Anneth akaupapasa, akatikisa kichwa.

"Baba Lesian, umenimaliza!" Nashipae alifoka.

"Usimgombeze, mama," alisema Anneth. "Niliwaambia msiutoe majini, lakini sikuwaambia kwa nini. Utando huu una vinjia vidogo mno, macho hayavioni. Vinatakiwa kuwa na maji. Chembe zenye umeme hupita humo, kutoka upande huu kwenda ule. Dawa zenyewe zinabaki kila moja kwenye tangi lake. Utando ukikauka, vinjia vinajibana."

"Kwa hiyo umekufa?" Lomayani aliuliza. Fahari yote ilikuwa imemtoka.

"Haujapasuka. Tuuloweke tuone. Ila maji ya bomba hapa yana chumvi nyingi. Mna maji ya mvua?"

Wakauloweka kwenye ndoo ya maji ya mvua. Nashipae hakutulia. Kila mara anachungulia ndoo. Polepole utando ukalainika, ukajikunjua. Anneth akavaa glavu, kwa sababu ile dawa inaunguza ngozi, akaufunga mahali pake.

Friji ikaanza kuunguruma.

"Asante Mungu wangu!" Nashipae alikaa chini palepale, akacheka mpaka machozi. Jioni hiyo, Anneth akawatumia utando mwingine wa akiba kutoka chuoni.

Asubuhi, mpimaji wa kituo aliyapima maziwa. "Mazima haya, mama. Mimina."

Nashipae akapiga simu nyumbani. "Baba Lesian, wameyapokea yote!"

Lomayani alishusha pumzi ndefu.

"Na ule utando mwingine?" mkewe aliuliza.

"Uko majini, nimeufunika. Sasa niache nile, mke wangu. Tangu jana sijaonja kitu."