Bwana wa Daftari Kuu

Nilikuwa nafagia vipande vya vitambaa nifunge duka, jua limeshaanza kuzama, aliposimama mlangoni. Sikusikia hatua zake.

Cheti changu cha biashara kilikuwa na siku tatu tu. Nilikitundika juu ya cherehani, na jina lililoandikwa pale, Mama Vifungo, ni jina la utani la marehemu mama yangu aliyenifundisha kushona. Mimi si mtu wa kulialia, lakini nilipokabidhiwa kile cheti nililia mbele ya karani.

“Hongera kwa biashara mpya,” mgeni akanong’ona.

Suti nyeusi. Kofia imeshushwa mpaka usoni. Alinuka karatasi zilizolowa maji zikafungiwa sandukuni...

“Ahsante. Shikamoo.”

Hakuitikia. Mtu mzima asiyeitikia shikamoo, jamani! Nikamtazama upya.

Akaweka fomu juu ya meza ya kukatia. Muhuri mwekundu, ngao juu yake, na jina la duka langu limeshaandikwa, pamoja na namba ya usajili ambayo hata mimi sijaikariri. ILANI YA MWISHO. Kila biashara mpya lazima iingie kwenye Daftari Kuu.

“Umetoka serikalini?”

“Saini hapa, binti. Mwisho ni leo.”

“Nimekuuliza, umetoka serikalini?”

“Wenzako wamesaini... Hata jirani yako.”

Jirani yangu ni fundi viatu, tunamwita Mzee Soli. Tangu apate cheti chake mwezi uliopita, watu wanampita kana kwamba pale pana ukuta. Juzi mteja wangu kasimama hatua mbili kutoka kwake, mzee anagonga nyundo, ko, ko, ko, halafu mteja ananiuliza mimi: “Hivi dada, mtaa huu hauna fundi viatu?” Nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama, akasema, “Wapi?” Nilidhani ananitania. Mzee alishusha nyundo, akafunika uso kwa mikono.

Nikaisogeza ile fomu kwenye taa. Jicho lililozoea kutunga uzi kwenye sindano halishindwi na maandishi madogo. Chini kabisa, herufi kama mayai ya chawa: Hii si amri, ni ofa. Atakayesaini, jina lake litakuwa la Daftari.

Hasira ikanipanda. Jina la mama yangu?

“Kumbe unaniuzia mbuzi kwenye gunia!”

“Saini,” akanong’ona. “Daftari litakupa oda ya sare mia mbili...”

“Ahaa, oda? Haya. Lakini mimi sipokei oda bila kipimo, ndivyo nilivyofundishwa. Naanza na wewe.”

Akarudi nyuma hatua moja. “Hakuna haja.”

“Haja ipo. Simama wima.”

Nikaizungusha futi ya kupimia kifuani kwake. Nikavuta. Koti likabonyea. Inchi thelathini... ishirini... kumi...

Nikakaza mpaka vidole vyangu vikagusana.

Ndani ya koti hamkuwa na mtu.

Kofia ikainamia sikio langu. Humo ndani nikasikia minong’ono mingi, ya kike na ya kiume, kila mmoja anataja jina la duka lake. Mmoja wao alikuwa Mzee Soli. Nisingekosea sauti yake.

Nikimbie niende wapi, na duka ni langu? Nikapaza sauti mtaa mzima usikie.

“Sisaini! Jina hili ni la mama yangu, na cheti kiko ukutani! Toka kwangu! Toka!”

Nikashika mkasi mkubwa, nikaikata ile fomu vipande vipande. Nilipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu. Harufu tu.

Kesho yake sikufungua duka. Nilikwenda kusimama kwenye ubao wa ofisi ya usajili, panapobandikwa majina ya biashara mpya, maana nilishaelewa anayasomea wapi. Kila aliyepita na cheti nilimshika mkono: akija mtu na Daftari, usisaini. Karani akasema nimerukwa na akili. Nikamwambia sawa, lakini siondoki.

Saa kumi jioni akapita dada mmoja msusi, cheti chake cha jana mkononi, anatafuta pa kutoa kopi. Nikamzuia.

“Mimi ni fundi wa pale Mama Vifungo. Akija mtu...”

Akatabasamu. “Kumbe ndiye wewe, dada! Yuko saluni kwangu sasa hivi, ananisubiri nikasaini. Mpole kweli yule baba. Nilisita kidogo, lakini aliposema ametumwa na wewe, Mama Vifungo, nikaona hakuna tatizo.”

Fomu yake sikuisaini, na bado anatembea na jina la mama yangu mdomoni.

Nikamshika yule dada mkono, nikaukaza.

“Twende,” nikamwambia. “Safari hii anitaje mbele yangu.”