Mjane wa Kwenye Wasifu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima wakati Hilary Sutcliffe alipopanda njia ya mawe kwenda kuwalisha nyuki wa watu, ndoo ya maji ya sukari mkononi na kijicho kimemjaa hadi kooni. Kuwalisha nyuki si kazi ngumu. Kilichomuuma ni sababu yenyewe. Mwenye nyuki, shoga yake Lorna, alikuwa London siku hiyo, amealikwa chakula na wakala wake wa vitabu.

Wakala wake! Kwa miaka mingi wawili hao walikutana kila Alhamisi kwenye chumba cha nyuma cha maktaba ya mji wao, Todmorden, wakasomeana sura za riwaya zao na kula keki ya tangawizi. Hakuna aliyewahi kuchapishwa hata shairi. Wote wawili walikuwa wakiwaandikia mawakala, watu ambao bila wao mswada haufiki mezani kwa mchapishaji. Kisha Lorna akapata, Hilary akakosa. Na Hilary alijua ni kwa nini, au alijiaminisha kwamba anajua. Si riwaya. Riwaya ya Lorna, kwa maoni yake, ilikuwa imepoa kama uji wa jana. Ni wasifu.

Barua ya kumwomba wakala humalizika kwa wasifu wa mwandishi, mistari miwili mitatu ya kusema wewe ni nani. Wenye vitabu hutaja vitabu, wenye tuzo hutaja tuzo. Asiye na kitu ndiye hutokwa jasho. Lorna aliandika hivi: "Lorna Ogden ni mjane. Anafuga nyuki alioachiwa na marehemu mumewe kwenye kilima juu ya Todmorden." Basi. Wakala akatokwa machozi, na alimwambia hivyo kwa maandishi.

"Na wewe andika ukweli wako, shoga," Lorna alimshauri. "Unapokea wagonjwa kwa daktari wa meno, una mume, hiki ni kitabu chako cha kwanza. Inatosha. Hawatafuti malaika."

Inatosha! Rahisi kusema ukiwa na msiba wa kuandika. Hilary alikuwa na Clifford, mzima wa afya, mtoboa soksi, mtu wa kushangilia mchezo wa snuka kwenye televisheni na kumwuliza mkewe kila usiku kama kitabu kimekwisha. Nani atamlilia Clifford?

Kwa hiyo wiki chache nyuma, Clifford akiosha vyombo na kupiga mluzi nyuma yake, Hilary aliandika: "Hilary Sutcliffe ni mjane. Anafuga nyuki wa marehemu mumewe kwenye kilima juu ya Todmorden." Akaituma barua kwa wakala mkubwa kuliko wote, yule aliyemkataa Lorna kwa mstari mmoja. Hasidi hana sababu, wanasema. Hilary alikuwa nayo, na alikuwa akiilea vizuri.

Mizinga ilikuwa imepangwa chini ya ukuta wa mawe, mbali na nyumba. Lorna alikuwa amempa masharti kabla ya kupanda treni.

"Usiwape sukari kimya kimya kama unalisha kuku. Gonga mzinga kwa ufunguo wa nyumba yako, uwape habari za kwenu. Arusi, mtoto, msiba. Msiba hasa! Edwin wangu alipokufa niliwaambia hawa kabla sijampigia hata dada yake. Wasipoambiwa hununa, wakahama."

"Na ukiwaambia uongo?" Hilary aliuliza, akicheka.

Lorna hakucheka. "Nani anawaambia nyuki uongo?"

Sasa Hilary alimimina maji ya sukari, mzinga baada ya mzinga, na nyuki wakavuma taratibu ndani ya mbao. Giza lilikuwa linashuka. Akamfikiria Lorna na bilauri ya mvinyo, watu wakimwegemea wasikie habari za mumewe marehemu. Roho ikamuuma kwelikweli. Akatoa ufunguo wa nyumba yake mfukoni.

Ko. Ko. Ko.

"Hilary Sutcliffe ni mjane," akasema kwa sauti ya jukwaani. "Anafuga nyuki wa marehemu mumewe."

Ilikuwa tamu mdomoni. Akairudia.

Mvumo ukakatika.

Ghafla... mizinga yote kwa pamoja.

Upepo nao ukatulia. Kisha ikaja harufu ya moshi, moshi wa gunia bichi ambao wafuga nyuki hutumia kuwatuliza. Hilary akageuka. Mwishoni mwa ukuta alisimama mtu mrefu aliyevaa vazi jeupe la kufugia nyuki, kofia pana, wavu mweusi mbele ya uso. Akadhani ni jirani wa Lorna. Wafuga nyuki hawakosekani kule juu.

"Umewaambia nusu," yule mtu alinong'ona.

"Samahani?"

"Amekufa nani, mama? Wanataka jina."

Hapo ndipo angesema ametania. Neno moja tu, natania bwana, na kila mtu ashike njia yake. Lakini jirani angemwambia Lorna, na Lorna angecheka, na keshokutwa meza nzima ya watu wa vitabu London ingecheka. Hilary aliiona ile meza. Akaona afadhali lolote kuliko kicheko hicho.

"Clifford," akasema. "Mume wangu. Clifford."

Yule mtu aliinamisha kichwa, kama watu wanavyofanya kanisani. Akaenda kwenye mzinga wa kwanza, akagonga kwa kifundo cha kidole. Sauti ilikuwa kavu mno kwa kidole chenye nyama.

"Clifford amekufa..."

Mzinga wa pili.

"Clifford amekufa..."

Kila alipogonga, ndani kulijibu kitu, mguno mmoja mzito, halafu kimya. Alipomaliza wa mwisho alisogea karibu na Hilary, na mwanga uliobaki ukapenya wavu.

Hapakuwa na uso.

Palikuwa na nyuki, wametambaliana tabaka juu ya tabaka, wakajipanga pale macho yanapokaa na pale mdomo unapokaa.

"Pole kwa msiba," ule mdomo ukasema.

Hilary aliacha ndoo. Aliteremka kilima akianguka na kuinuka, goti likavuja damu, na hakuangalia nyuma hata mara moja. Alipousukuma mlango wa nyumba yake alikuwa analia waziwazi.

Clifford alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya meza, sahani ya mkate na jibini tumboni.

"Vipi, mke wangu, umekimbizwa na ng'ombe wa mzee Hartley?"

Akamkumbatia hadi sahani ikaanguka. Akambusu kichwa, masikio, shingo.

"He! Leo kuna nini?" Clifford alicheka. "Ningejua ningekutuma kilimani kila siku." Kisha akajikuna kifuani. "Ila sijisikii vizuri, mama. Tangu hii jioni. Humu ndani kama kuna kitu kinatekenya."

"Wapi?"

"Hapa. Sikiliza."

Hilary aliweka sikio. Moyo wa mumewe haukusikika ukipiga.

Ulikuwa unavuma.

Alitoka sebuleni hadi penye ngazi, akafunga mlango nyuma yake, akampigia Lorna.

"Lorna, nani anakusaidia nyuki? Mwanamume, mrefu, vazi jeupe?"

"Hakuna anayenisaidia. Vazi lilikuwa moja tu, la Edwin, na nilimzika nalo." Kelele za mgahawa zilisikika, kisha zikafifia, kama Lorna ametoka nje. "Hilary. Umewaambia nini?"

Akamwambia. Si yote. Kuhusu barua hakusema, hata sasa. Alisema ametania tu kwamba Clifford amekufa.

"Edwin alikuwa akisema nyuki hawajui uongo ni nini," Lorna alinong'ona. "Wakiambiwa mtu amekufa, basi kwao amekufa, na watakuja kumchukua awe wao. Sijui zaidi ya hapo, shoga, wallahi sijui. Rudi. Rudi sasa hivi, na ufunguo wako, uwaambie yu hai. Mtaje jina kila mzinga. Usingoje kesho!"

"Naenda."

"Kimbia!"

Hilary alivaa koti, akashika tochi. Kutoka sebuleni Clifford aliita, sauti yake imekuwa nzito, imechanganyika na kitu kingine.

"Hilary... hebu njoo ufungue dirisha. Hewa... hewa haitoshi."

"Nakuja, mpenzi. Narudi sasa hivi."

Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa, simu ikalia mlio wa ujumbe. Angeweza kutoitazama. Mtu mwingine asingeitazama.

Ilikuwa baruapepe ya yule wakala. Yule aliyemkataa Lorna. Mawakala huchukua miezi kujibu, wengine hawajibu kabisa, lakini huyu alikuwa ameandika kwa pupa. "Bi Sutcliffe, nimesoma kurasa zako nikiwa kwenye treni. Ila kilichonigusa hasa ni wasifu wako. Mjane peke yake na nyuki wale! Nakupigia dakika hii kabla hajakupata mwingine. Nataka unisimulie kuhusu mumeo."

Hilary alisoma mara mbili. Goti lilimwuma. Kule kilimani simu haishiki, kila mtu wa Todmorden anajua hivyo. Akitoka sasa, itaita bila kujibiwa, na mtu mkubwa kama huyo hapigi mara mbili. Dakika chache tu. Ataongea kidogo, kisha atakimbia. Clifford ni mtu wa miraba minne, hajawahi kulazwa hata siku moja. Dakika chache zitamfanya nini? Na Lorna je, atakaposikia ni wakala gani?

Simu ikaita.

Alikaa kwenye ngazi, koti limevaliwa, tochi inawaka mapajani. Nyuma ya mlango wa sebuleni Clifford hakuita tena. Mvumo ulikuwa umepanda, umejaa chumba, na vioo vya dirisha vilikuwa vinatetemeka kwenye fremu zake.

"Hilary anaongea," akasema.

"Pole sana kwa msiba," sauti ya mwanamke ilisema, laini, ya London. "Tuanzie mwanzo. Alikuwa anaitwa nani?"

Mlango ulikuwa umeachia kidogo. Hilary alinyoosha mguu, akausukuma hadi ukafunga, ili ule mvumo usisikike kwenye simu.

"Clifford," akasema. "Alikuwa anaitwa Clifford."