Yusta Aona Kitu

Yusta alikuwa na miaka sita. Aliishi Kigoma, karibu na ziwa.

Mama yake alikuwa mwanamaji. Alikuwa anajifunza kuendesha boti ya doria. Boti yenyewe ilikuwa ndogo, ya kijivu, na iliitwa Dagaa.

Siku moja Yusta aliruhusiwa kupanda. Akavaa jaketi la kuokolea maisha. Lilimfika magotini!

Afande Bukuru, mwalimu wa mama, akasema, "Humu kila mtu ana kazi. Yusta, wewe ni macho."

"Sawa, afande."

Pu-pu-pu-pu! Dagaa ikaondoka.
Macho mbele, macho pembeni. Ukiona kitu, sema!

Yusta akaona kitu cheusi. "Naona mtu!"

Mama akageuza usukani. Wakasogea. Kumbe ni gogo.

Afande Bukuru na wanamaji wengine wakacheka.

Pu-pu-pu-pu!
Macho mbele, macho pembeni. Ukiona kitu, sema!

Yusta akaona kitu cheupe. "Naona bendera!"

Kumbe ni ndege, anakausha mabawa.

Wanamaji wakacheka tena. Hata mama alitabasamu. Yusta akaona aibu. Akafunga mdomo.

Pu-pu-pu-pu!
Macho mbele, macho pembeni...

Mbali sana, kulikuwa na kitu chekundu. Kilipanda. Kilishuka. Kilipanda tena.

Yusta alikiona. Lakini alinyamaza. "Watacheka," aliwaza.

Boti ikakipita. Kitu chekundu kikawa kidogo. Kikawa kidogo zaidi.

Moyo wa Yusta ukadunda. Du! Du! Du!

"Mama!" aliita kwa nguvu. "Naona kitu! Sijui ni nini!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Geuza boti," alisema Afande Bukuru.

Pu-pu-pu-pu-pu-pu!

Ulikuwa mtumbwi. Ndani yake alikaa mwanamke, na mtoto mchanga mapajani. Alikuwa anapunga kanga nyekundu.

"Kasia langu limeangukia majini!" alilia. "Upepo unatupeleka mbali!"

Mama akarusha kamba. Fyuuu... chubwi! Ikaanguka majini.

Akaivuta. Akarusha tena. Fyuuu... pa! Mwanamke akaidaka.

Mwanamke na mtoto wakapanda Dagaa. Mtumbwi ukafuata nyuma, umefungwa kamba.

"Asanteni sana," alisema mwanamke. "Nani alituona?"

"Mimi," Yusta alijibu, kwa sauti ndogo.

Mtoto mchanga akamshika kidole. Hakukiachia.

Afande Bukuru akachuchumaa. "Yusta, samahani kwa kucheka. Hata gogo linaweza kutoboa boti. Ulifanya vizuri kusema."

Usiku, mama alimfunika Yusta shuka.

"Mama, yule mtoto yuko wapi sasa?"

"Yuko kwao. Amelala."

"Na mama yake?"

"Naye amelala."

"Wamekula?"

"Wamekula, mwanangu."

Yusta akapiga miayo. Akageukia ukutani.

Naye akalala.