Vidonge Visivyonuka

Kila jioni Anyesi alimpokea mumewe kwa pua. Kabla ya kumpa pole ya kazi alimwambia, "Hebu pumua." Nikodemo, fundi mwashi, alipumua. Majirani wa Buigiri walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini Anyesi hakujali. Pombe ya gongo ilikuwa imemtesa mumewe miaka sita. Sasa ulikuwa mwezi wa nne tangu aanze kutibiwa kliniki mjini Dodoma, na mdomo wake haukunuka kitu.

"Mume wangu amepona," Anyesi alijigamba kisimani.

Maskini Anyesi! Pua yake ilikuwa kali, ila ilitafuta kitu kimoja tu.

Jumapili moja mchana alikwenda kuchota maji. Alimwacha Nikodemo jikoni na binti yao Gladness, mwenye miaka miwili. Aliporudi, Nikodemo alikuwa amesinzia kwenye kigoda, mate yanamtoka. Gladness alikuwa ananyoosha mkono kushika chungu cha maharage kinachochemka. Anyesi alitupa ndoo, akamnyakua mtoto.

Alimtikisa mumewe mpaka akazinduka. Alimnusa. Hakuna harufu. Akapapasa mfuko wa shati, akakuta vidonge vimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Nini hiki, Baba Gladness?"

Nikodemo aliinamisha kichwa. "Vidonge vya usingizi. Nilipoacha gongo sikulala. Mgonjwa mwenzangu wa kliniki akanipa kimoja. Baadaye nikanunua mwenyewe. Siku hizi maduka ya dawa yako kila kona. Ukiwa na hela, wengine hawakuulizi cheti."

"Unameza vingapi?"

"Nilianza na kimoja. Sasa vitano kwa siku."

Anyesi alielekea chooni kuvitupa vyote. Nikodemo akamshika mkono.

"Usivitupe! Juzi nilivikosa, nikatetemeka mwili mzima. Na usimwambie sista wa kliniki. Watanifukuza, nami nitarudia gongo."

Anyesi aliogopa. Akinyamaza, mtoto angeungua. Akisema, huenda mume angekosa tiba. Mwishowe akafunga vidonge kwenye pindo la khanga.

"Kesho tunakwenda, hata kama si siku yako. Mficha uchi hazai."

Asubuhi walifika kwa Sista Loisi, muuguzi wa kliniki.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Mbona leo mko wawili?"

Anyesi alimgeukia mumewe. "Sema mwenyewe."

Nikodemo alisema yote. Sista Loisi hakumgombeza.

"Umeruka majivu, umekanyaga moto," alisema. "Lakini si wewe peke yako. Zamani tulipokea watu wa gongo tu. Sasa mmoja anaacha gongo, anashika bangi. Mwingine anaacha bangi, anashika vidonge. Hata sisi tulikosea. Tulikuuliza habari za gongo tu."

"Mtamfukuza?" Anyesi aliuliza.

"Mgonjwa akizidiwa, anafukuzwa hospitali?"

"Basi nivitupe, sista?"

"Hapana! Aliyezoea vidonge hivi akiviacha ghafla, anaweza kuanguka kifafa, hata kufa. Daktari atavipunguza kidogo kidogo. Wewe utavitunza na kumpa kama atakavyoandika. Asichanganye na pombe hata tone, maana pumzi inaweza kukatika. Na kila siku muulize: umelalaje? Umetamani nini?"

Kazi haikuwa nyepesi. Nikodemo alikesha, akanuna, akaomba nyongeza. "Kimoja tu, Mama Gladness!" Anyesi alimhurumia mpaka machozi yakamtoka, lakini hakutoa. Kila Alhamisi walikwenda kliniki pamoja. Baada ya miezi mitatu daktari alifuta kidonge cha mwisho. Nikodemo alianza kulala mwenyewe, na kazini mkono wake ukatulia.

Siku moja, saa sita mchana, alitokea nyumbani anatoka jasho, mwiko wa uashi bado mkononi.

"Umefukuzwa kazi?" Anyesi alishtuka.

"Hapana. Mwenzangu kazini alinipa bangi. Nimeitamani, mke wangu. Nimeitamani sana. Nimekuja kukwambia kabla sijaivuta."

Furaha ilimjaa Anyesi. Alimbeba Gladness mgongoni, akafunga mlango.

"Twende kwa sista," alisema.

Nikodemo alikuwa ameshatangulia barabarani.