Nilifua Barakoa za Mjukuu Wangu

Kitendawili... Nina nguo, ukiifua inatakata, ukiivaa inakuua.

Umeshindwa? Haya, nipe mji.

Ni barakoa ya mjukuu wangu Marivel, nesi wa wodi ya mapafu hapa Iloilo, Ufilipino. Na aliyeifua ni mimi, bibi yake...

Mwaka ule wa ugonjwa barakoa ziliadimika. Marivel alikuwa nazo tano tu.

Mumewe Jerwin, fundi televisheni, akaunda sanduku lenye mabati mawili ndani, kwa vyuma vya televisheni mbovu. Kila Jumamosi anazipitisha humo zirudiwe na chaji ya umeme. Chaji ndiyo inayonasa vijidudu. Akizisogeza kwenye vipande vya karatasi, vikarukia, basi ni nzima.

Mimi hayo sikuyajua. Nimefulia watu miaka arobaini. Kitu kimetoka wodini, kisiguse sabuni?

Jumamosi moja, Jerwin alipokwisha kuzipitisha, nikazifua zote, nikazianika juu ya bati, nikazirudisha kwenye mkoba wake kimyakimya.

Jumamosi iliyofuata Jerwin akachukua moja, akaisogeza kwenye karatasi.

Hakuna kilichoruka.

"Nani kafua hii?"

"Mimi, baba. Zilikuwa zinanuka."

"Lini?"

"Jumamosi iliyopita. Zote."

Akakaa chini taratibu, kama mzee.

"Bibi, sabuni inaondoa chaji. Mke wangu kakaa na wagonjwa wiki nzima kajifunika kitambaa tu."

"Huwezi kuzirudishia?"

"Hizi zitarudi. Mapafu yake je?"

Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyonisaliti.

Marivel akarudi, akavua viatu mlangoni, akaoga. Akala wali na samaki mkavu, macho yanajifunga.

"Mwanangu, wiki hii ulivaa barakoa zipi?"

Akatafuna kwanza.

"Si zile ulizofua, Bibi. Zilinuka sabuni tangu Jumatatu. Mwenzangu wa wodini alinipa moja yake. Nimeivaa hiyohiyo siku zote."

Jerwin akafunika uso kwa viganja.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

Akanywa maji.

Wajukuu zangu mnaosoma, ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza. Mapenzi yasiyouliza yanaweza kuzika.

Nikauliza tena, polepole. "Kwa nini, Marivel?"

Akasukuma sahani.

"Ningekwambia tungekesha wote kwa hofu, Bibi. Nikaona humu ndani angalau mtu mmoja awe analala."