Tiki Kumi na Tisa

Kila alipotoka shule, Kidole alipitia dukani kwa mama yake. Jina hilo alipewa kwa kasi yake ya kuchapa. Mama alikuwa mchapaji, na mwaka huo alichapa kitabu cha mwalimu mstaafu. Macho ya mwalimu yalikuwa yamefifia, hivyo yeye alisimulia na mama akaandika. Hakukuwa na nakala ya karatasi; kitabu chote kilikuwa ndani ya kompyuta.

Kazi ya Kidole ilikuwa moja. Alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kompyuta, akaandika amri ya kunakili kazi zote kwenye diski ya nje, akasubiri jibu, kisha akaweka tiki daftarini kuonyesha kuwa nakala ya siku hiyo ipo.

Siku moja jibu lilikuwa: "Diski imejaa."

"Kidole! Unaatamia mayai humo?" wenzake walimwita nje.

Akaweka tiki, akatoka mbio. Kesho yake aliona aibu kusema ya jana. Mwishowe hata amri hakuandika. Tiki tu.

Baada ya tiki ya kumi na tisa ya namna hiyo, kompyuta iligoma kuwaka. Fundi aliitwa. Aliijaribu, akakuna kichwa.

"Hapa ni kufuta kila kitu, tuanze upya. Nakala ipo?"

"Ipo, fundi. Binti yangu hakosi hata siku moja. Tazama tiki hizi."

"Futa basi, bwana," alisema mwalimu, aliyekuwa amekuja kusimulia, akiegemea fimbo yake. "Tutaota mizizi hapa."

Fundi akapeleka mkono kwenye kibodi.

"Usibonyeze!" Kidole alipaza sauti. "Mama, tiki hizo ni za uongo. Diski ilijaa zamani."

"Tangu lini?"

"Tiki kumi na tisa."

"Sura nne za mwalimu hizo!"

Fundi aliifungua kompyuta, akatoa diski ya ndani, akaichomeka kwenye mashine yake. Ilichukua saa nzima. Sura zote zilipatikana, isipokuwa kurasa mbili za mwisho.

"Hizo nitasimulia tena," alisema mwalimu. "Ila safari hii utachapa wewe, mjukuu wangu."

Mama alilisukuma daftari mbele ya Kidole.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umechelewa kusema, lakini umesema kabla hatujafuta. Tiki haihifadhi kitu, mwanangu. Kinachohifadhi ni kazi iliyofanywa, na kosa likitokea, linatajwa siku hiyohiyo."

Fundi alileta diski mpya. Kidole aliandika amri, akasoma jibu hadi mwisho, akafungua nakala na kumsomea mwalimu ukurasa mzima. Ndipo akashika kalamu.